Nyumba Yenye Mashine ya Kufulia

Skola mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, ya kuchemsha maji na kumkagua samaki macho kabla ya kumnunua, bibi yako na shangazi yako wameyamaliza leo jioni. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwasikiliza. Hawakuacha kitu, na mimi siongezi.

Nakuandikia kwa sababu kesho pale stendi ya Msamvu hatutazungumza. Nitahesabu mizigo, nitamuuliza kondakta maswali yasiyomhusu, wewe utaniambia, "Mama, basi," na gari litaondoka. Najijua. Mdomo wangu umezoea kuuliza. Kueleza kunanijia nikishika kalamu.

Nianze na habari yenyewe, kama ninavyowaambia vijana ofisini: jambo kubwa liwe juu. Siendi na wewe Pangani. Tiketi yangu nimeirudisha leo mchana. Utakwenda peke yako, kama ulivyotaka tangu mwanzo, na utasimama mbele ya Mama Zuhura peke yako. Amesema nyumba ipo, lakini ufunguo hajauahidi. Atautoa akikuona, au hatautoa. Jumatatu unaripoti hospitali, kwa hiyo ukikosa pale utalala gesti hadi upate pengine. Hayo unapaswa kuyajua kabla hujapanda gari, na unapaswa kuyajua kutoka kwangu, maana mimi ndiye niliyeyafikisha hapo.

Wewe unajua nusu tu ya jinsi yalivyofika.

Ulipopangiwa kazi Pangani nilifurahi, na kabla furaha haijatulia nikaanza kukutafutia mahali pa kulala. Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Mafiga ana dada yake huko. Chumba kimoja, wapangaji wengine uani, bomba moja la wote, kamba za kuanikia zimepita kila upande. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha. Macho mengi, binti hapotei. Ukiumwa kuna wa kukugongea, ukichelewa kuna wa kuuliza.

Wewe ukanionyesha simu.

"Nyumba ya juu, mama. Vyumba viwili, jiko lake, choo chake. Na hii hapa, ona."

Ukaikuza picha. Pembeni mwa bafu palikuwa na mashine nyeupe ya kufulia, yenye mlango wa kioo cha duara.

"Ya nani?"

"Ya nyumba. Mwenye nyumba anaiacha humo humo, inakuja na nyumba."

"Na wewe una nguo ngapi?"

Mjomba wako Deo alikuwa ameshuka kutoka Mgeta siku ile, ameketi na gunia lake la njegere, na unamjua, hawezi kuliona jambo likipita bila kulishika. Akaiomba simu, akaitazama ile picha kwa umbali wa mkono, kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari.

"Mluguru gani anafuliwa na umeme?"

"Mimi, mjomba."

"Tumekuzaa kwenye mlima wenye mito kila bonde, unakwenda kufungia maji ndani ya sanduku?"

"Mjomba, huko hakuna mto wa kufulia. Visima vyao vina chumvi, sabuni haitoi povu."

"Basi rudi kwenye povu." Akacheka mwenyewe. Kisha akasema lile neno ambalo sote tulilicheka: "Mashine ya nini, na mashine ya nyumba hii ni wewe mwenyewe? Ukihama na mashine imehama. Dada, hawa vijana wako watavaa nini?"

Mdogo wako Beno akapiga meza. Kasiani akasema, "Tutavaa majani, mjomba." Bibi yako alicheka hadi akashika mbavu. Na mimi nilicheka. Wewe uliinuka ukaenda nje kuanua nguo. Nilikuona kupitia dirishani, unazitoa kwenye kamba, unazikunja palepale moja moja, fulana za wadogo zako, suruali za baba yako alizoziacha kabla hajaondoka na lori, gauni langu la kazini. Nilifikiri umekasirika kwa sababu hatukukubali nyumba. Nikasema moyoni utatulia.

Siku iliyofuata ukanipa namba ya Mama Zuhura. Ulisema, "Mama, hataki kunipangisha mpaka azungumze na mzazi. Mpigie tu umsalimie." Nilikubali haraka mno, ungepaswa kushtuka.

Nilimpigia. Nilisema habari za leo, naitwa Mama Skola wa Morogoro, napiga kuhusu nyumba. Shikamoo niliimeza, na yeye kwa sauti tu alionekana ni mtu wa rika la bibi yako. Kisha nikafungua daftari. Maji yanatoka wapi? Ufunguo wa akiba anao nani? Chini anaishi nani? Mpangaji aliyetangulia alihama kwa sababu gani? Alijibu la kwanza na la pili. La tatu akasema anaishi yeye mwenyewe, na sauti ikawa fupi. La nne hakulijibu.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe ni mama wa mtu au polisi?"

"Mwandishi wa habari," nikamwambia. Na nilisema kwa fahari, Skola. Mpaka leo nikiwa nimechoka neno hilo hunyoosha mgongo wangu.

"Ah. Alikuja mmoja wenu hapa, akapiga picha ukuta wangu wa nyuma, akaandika gofu. Gofu! Na mimi nimo ndani napika wali."

"Si mimi, mama."

"Kalamu yenu moja. Nyumba haipo tena. Kwaheri."

Jioni uliniuliza, "Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia."

"Mama, ulimsalimia au ulimhoji?"

Nikakwambia kama nyumba ni njema haiogopi maswali. Nikakwambia yule wa uani anakusubiri, chumba chako bado kipo. Ukaenda kulala bila kula, na kuanzia hapo tukaishi kama watu wa ofisi mbili tofauti: chumvi iko wapi, nani kachukua chaja, usiku mwema.

Sasa nikueleze ya Gairo, kwa sababu siku zile za kununiana nilikuwa nikiyarudia kichwani, na nikagundua kwamba nimekuwa nikikusimulia vibaya.

Unaijua hadithi ninavyoisimulia. Nilikuwa na umri kama wako, gazeti limenituma Gairo nikaandike mambo ya mahindi na karanga, nikapanga chumba uani kwa Mama Yona. Jumamosi asubuhi mabeseni yanapangwa kuzunguka bomba, wanawake tunafua, tunacheka, mmoja anakamua mwenzake anashika upande wa pili wa shuka. Nimekusimulia hivyo tangu ukiwa mdogo. Ndiyo maana nilitaka nawe uwe na bomba lako na wanawake wako.

Yote hayo yalikuwepo. Ila yalidumu kwa muda mfupi tu.

Wakati ule habari kubwa sokoni ilikuwa lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, na mkulima analipwa kama gunia la kawaida. Kila mtu aliijua na hakuna aliyekuwa na la kuandika, maana wanunuzi hawasemi na wakulima wanaogopa. Jumamosi moja, tukiwa kwenye mabeseni, mwanamke mmoja mpangaji mwenzangu akasema kwamba mume wake, aliyekuwa mpakiaji wa magunia, ameona mahali wanapoyashonea yale magunia kipande cha nyongeza kwa chini, ili yameze zaidi. Alisema huku anasugua kola ya shati. Wenzake wakaguna, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu. Mimi niliendelea kusuuza nguo zangu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimekwisha kuondoka pale, nilikuwa tayari naandika.

Nilikwenda pale mahali, nikaona kwa macho yangu, nikaandika. Jina la mtu sikuliweka. Habari ilikuwa ya kweli kuanzia neno la kwanza na sikuisahihisha hata sentensi moja. Mhariri alinipongeza. Gairo wakati ule haikuwa na watu wengi kiasi cha kumficha mtu, na yule mpakiaji aliambiwa asirudi.

Jumamosi iliyofuata nilitoka na beseni langu. Hakuna aliyenitukana. Walinisogezea nafasi, wakanisalimia, na Mama Yona akasema, "Karibu, mwandishi." Kabla ya hapo alikuwa akiniita kwa jina langu. Kisha wakazungumza habari za mvua. Asubuhi nzima wakazungumza mvua, na ilikuwa kiangazi.

Kuanzia wiki ile nilifua saa za mchana jua likiwa kali, ua hauna mtu. Nilikaa Gairo muda mrefu baada ya hapo, na sehemu kubwa ya muda huo nilifua peke yangu. Hicho ndicho kipande nilichokuwa nakiruka. Ua ninaokusimulia niliishi ndani yake kama mgeni, na nilitaka kukupeleka mahali ambapo palinishinda mimi.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Ningeiandika habari ile tena leo. Lakini ningeanza kwa kubisha kwa yule mwanamke, nimwambie ulichosema kwenye beseni nimekisikia, nakitaka, unaniruhusu? Angeweza kukataa. Hapo ningetafuta njia nyingine, ndefu zaidi. Nilikuwa na haraka, na nilidhani kwa kuwa jambo ni la kweli, basi ni langu. Nimechukua miaka mingi kujua kwamba mtu anaweza kukuambia kitu kama jirani, na ukikipokea kama mwandishi umemwibia, hata kama kila mtu amefaidika. Mama Zuhura naye alitaka kuzungumza na mama mwenzake. Nilimpelekea mwandishi.

Sasa la pili, ambalo ni gumu kwangu kuliko la Gairo.

Juzi asubuhi ulikuwa umelala, nami nikaingia chumbani kwako kutafuta pasi. Mikono yako ilikuwa juu ya shuka. Nimeiona mikono hiyo kila siku. Safari hii niliitazama kama ninavyotazama kitu nitakachotakiwa kukieleza kwa watu ambao hawakukiona. Ngozi katikati ya vidole imepasuka. Kwenye kidole gumba cha kulia kuna ufa ulioanza kufunga na kufunguka tena. Nikakumbuka kwamba uliwahi kuniambia, tena kwa maneno machache, ulipokuwa mafunzoni: "Mama, mikono hii ndiyo kazi yangu. Mkono wenye ufa hauwezi kumgusa mgonjwa, unampa maradhi au unayachukua." Nilidhani unaringa. Nilidhani ni yale ya msichana aliyeanza kuvaa sare nyeupe. Nikakwambia paka mafuta ya mgando.

Ni mimi ninayewaambia vijana kila siku: mtu akikupa sababu, iandike kama alivyoisema. Yako sikuiandika.

Nilikaa jikoni nikatafuta ilianzia wapi. Unakumbuka mafuriko ya Kilosa, nilipoondoka ghafla na kukaa huko? Baba yako alikuwa barabarani, bibi yako alikuja kuwalinda, magoti yanamuuma. Ulikuwa darasa la tatu. Niliporudi, na matope hadi kiunoni, nilifungua geti nikaona kamba imejaa. Kila nguo ya nyumba hii ilikuwa juu ya kamba, nyingine zimebanwa kichwa chini, suruali ya baba yako inachuruzika maji kwa sababu hukuweza kuikamua. Bibi akanieleza ulivyoikanyaga kwa miguu ndani ya beseni, kama wanavyofanya wanawake wa Matombo mtoni na mablanketi, kwa sababu mikono ilikuwa midogo.

Nilikubeba juu juu. Nikawaambia majirani. Nikamwambia mjomba wako, nikawaambia watu wa ofisini, nikamwambia padre. "Mwanangu Skola anafua nyumba nzima!" Nilikusifia kwa mwaka mzima.

Ukafua Jumamosi iliyofuata ili usifiwe tena. Na iliyofuata. Halafu wadogo zako wakakua wakakuta nguo zinafuliwa na wewe, kama walivyokuta mlima uko pale. Hakuna aliyekuamuru hata siku moja, na hilo ndilo lililonizuia kuona. Kama ningekuwa nimekuamuru, ningekumbuka kukuambia uache.

Kwa hiyo mjomba wako aliposema mashine ya nyumba hii ni wewe, alisema kweli kwa mzaha, na sisi wengine tuliipokea kama mzaha kwa sababu ilitufaa. Ulipokwenda kuanua nguo hukuwa umekasirikia nyumba ya Pangani. Nadhani hivyo. Nasema nadhani, kwa sababu sijakuuliza, na safari hii sitakuuliza.

Nilimpigia tena Mama Zuhura. Hilo ndilo ambalo hulijui. Wewe uliona tu amekuandikia ujumbe kwamba nyumba ipo, uje akuone, na ulidhani amegeuza moyo mwenyewe. Nakuandikia mazungumzo kama yalivyokuwa, maana kumbukumbu ya maneno ndiyo kipaji pekee nilichopewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama Skola, wa Morogoro."

"Yule mpelelezi?"

"Ndiye."

"Leo una shikamoo. Ile siku uliiacha wapi?"

"Niliisahau mama, nilikuwa na haraka. Nisamehe. Habari za afya yako?"

Akaanza kunieleza, Skola. Magoti, presha, mjukuu anayefanya mtihani, bei ya nazi. Sikumkatiza. Nilimweleza magoti ya bibi yako. Tukalinganisha dawa. Muda wa maongezi ukakaribia kwisha, nikaongeza mwingine kwa simu ya Beno huku yeye yuko hewani. Alipomaliza akasema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Yule mpangaji wa kwanza alihama kwa sababu aliolewa. Sasa umejua."

"Ahsante mama. Na ile mashine?"

"Mashine aliniletea mwanangu kutoka Maskati. Kaibeba, kaifunga, kaniwashia. Nikaitazama inavyozunguka, nikaona kama kuna mtu kafungiwa ndani anataka kutoka. Nikamwambia ipeleke juu, uniachie amani yangu. Binti yako haiogopi?"

"Haiogopi."

"Anaitakia nini? Wasichana wa siku hizi hawataki kuchoka."

Hapo, Skola, nilikuwa na majibu mengi mazuri. Ningeweza kusema kazi ya zamu, ningeweza kusema sare. Nikamwambia, "Mama, amechoka tayari. Amefua nguo zetu sote tangu akiwa mtoto mdogo, na mikono yake imepasuka, na ni muuguzi. Hakuna aliyemwambia apumzike. Mimi sikumwambia."

Nilisikia jogoo upande wake.

"Mzee wangu alikuwa na kanzu nyeupe saba," akasema. "Kila siku moja. Allah amrehemu, alikuwa mtu safi sana." Basi. Hakueleza zaidi, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuuliza.

Kisha tukafika penye kisiki.

"Lini mnakuja kumkabidhi?"

Unajua kwamba mjomba wako ameliuliza neno hilo hilo. Nani atamkabidhi? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba hawezi kumwacha mtoto wa dada yake akakae mahali bila mtu kusimama mbele ya wenyeji na kusema, huyu ni wetu, tumemleta kwenu. Pwani nako ni vilevile. Watu wa milimani na watu wa bahari hawakubaliani hata juu ya ugali, lakini hapo walinisimamia pande mbili kwa swali moja. Tiketi yangu nilikuwa nimekwisha kuinunua.

"Hatuji, mama," nikamwambia. "Anakuja yeye."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Binti anakabidhiwaje bila mtu?"

"Mama, huyu ni mtu mzima. Wagonjwa wanakabidhiwa kwake. Nikija mimi nitaanza kukagua milango yako, na wewe utatuona wote wawili wapelelezi. Mtazame yeye. Ukimpenda, mkabidhi nyumba yako."

"Mna maneno watu wa bara," akasema. Kisha: "Simwahidi. Nitamtazama macho. Nikiona mwendo siupendi, ufunguo unabaki kwenye kanga yangu."

"Sawa mama."

"Na wewe usije na kalamu."

"Siji na kalamu."

"Na alasiri asiiwashe, ndipo nalala."

Hilo la alasiri lilinipa tumaini, maana mtu hamwekei masharti asiyetaka kumpokea. Lakini sikuahidiwa kitu, nami sikuahidi. Jana nikamwambia mjomba wako. Alikasirika kama nilivyotazamia. Akasema nimemtupa mtoto njiani. Nikamwambia, "Kaka, miaka yote hii tumemkabidhi nguo zetu hatukuuliza nani anakabidhi nini." Akavuta gunia lake, akasema basi ampelekee yule mama njegere, mtu haingii kwa watu mikono mitupu. Njegere ziko kwenye mfuko wa bluu. Ni zake, si zangu, kwa hiyo ukimpa mwambie zimetoka kwa mjomba.

Nakiri kwamba naogopa. Sijazoea kutuma mtu mahali ambapo sijafika. Mara mbili leo nimeshika simu nimpigie nimwambie mambo mawili matatu mazuri juu yako, nikaiweka chini. Ningeongea kwa niaba yako, na angekuja kukutana na maneno yangu badala ya kukutana na wewe. Ukisimama mbele yake umechoka na safari, nywele zimejaa vumbi, hujui useme nini, hiyo itatosha au haitatosha. Ikitosha, nyumba itakuwa yako kwa namna ambayo hakuna kitu humu ndani kimewahi kuwa chako. Isipotosha, nipigie, na nitakusikiliza bila kutafuta kosa lilikuwa la nani.

Leo, ukiwa umekwenda kuwaaga wenzako, niliwaita wadogo zako uani. Nikawapa mabeseni. Kasiani aliuliza sabuni inawekwa kabla ya maji au baada, na ana miaka kumi na saba. Beno amelichanganya shati lake la shule na kanga nyekundu ya bibi, sasa ana shati la rangi ya ngozi ya kitunguu, na amesema atalivaa hivyohivyo. Bibi yako alitaka kuwasaidia, nikamzuia. Ukirudi likizo usiguse beseni la mtu. Nitakuwa nimekwisha kuwaambia, lakini najua wewe mwenyewe mkono utakwenda.

Na ukifika huko, usianze kuwafulia wengine. Nalisema hili moja tu, na nalisema kwa sababu najua mahali lilipoanzia. Watakuja wenzako wa hospitali, watasema Skola una mashine, nikuletee mashuka yangu mawili tu. Sikukatazi kumsaidia mtu. Ila pima kama unafanya kwa sababu unataka au kwa sababu wanakusifia. Mimi sikuwahi kukufundisha tofauti hiyo, ilinilazimu kwanza nijifunze.

Gari likishapita Kingolwira, kwenye yale mashamba ya magereza, ukigeuka nyuma utaiona milima yote mara moja, kuliko unavyoiona ukiwa hapa chini yake. Watu wengi huwa wamekwisha kusinzia wakati huo. Fanya utakalo.

Siku moja nitakuja kukutembelea, ukiniita. Nimesimama kwenye milango mingi maishani, na kazi ilinitaka nisiondoke hadi nifunguliwe. Kwako nitapanda ngazi hadi juu, nitapiga hodi mara tatu kama mtu yeyote. Ukiwa umetoka zamu ya usiku umelala, endelea kulala. Nitashuka nitafute kivuli, nikae, mpaka utakapoamka na kufungua mwenyewe.

Mama yako,
Mafiga